Mpwa wa Diwani

Sauti ya Mothusi ilikuwa mali ya kijiji kizima cha Mosetlheng. Akishika kipaza sauti na kusema, "Tukae," walikaa hata wale walioapa kutokaa karibu na mashemeji zao. Harusi asiyoiongoza yeye ilionekana kama imefungwa kwa siri, na msiba asiousimamia, watu walirudi makwao wakijiona hawakumlilia marehemu vya kutosha. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akiachwa peke yake nyuma ya hema na Oratile, mwanamke wa kukodisha mahema na kupika shughulini, alitafuta maneno kama anayepapasa mifuko kutafuta ufunguo.

Jumamosi ile, kwenye harusi ya binti wa mwalimu mkuu, alikuwa anapapasa tena.

"Umependeza," alisema mwishowe.

Oratile alimjibu kwa heshima ya kwao, "Nimevaa aproni, Rra."

"Basi aproni imependeza."

Oratile alicheka, akafuta mikono, akasogea kumwekea tai sawa. Tai haikuwa imepinda. Vidole vyake vilikaa pale kifuani muda mrefu kidogo kuliko inavyohitaji tai, na akauhisi moyo wa mwanamume yule ukigonga kama mgeni mwenye haraka.

"Ukifika kwenye shukrani," alisema kwa sauti ya chini, "usiseme 'wenye mahema.' Nitaje kwa jina."

"Mbona wiki iliyopita nilikutaja?"

"Ulisema Oratile. Akina Oratile tuko wengi. Sema Oratile aliyemzalisha Kedibonye nyuma ya hema."

"Nitaje uzazi kwenye harusi?"

"Kwani harusi inaelekea wapi kama siyo huko?"

Mothusi aliangua kicheko hadi wapishi wakageuka. Na saa ya shukrani ilipofika, alimtaja vilevile alivyoambiwa, kwa mzaha mtamu alioutia yeye mwenyewe, na wanawake wakapiga vigelegele. Oratile alisimama katika gauni lake la buluu la kitambaa cha leteisi, akapiga goti kidogo, akatabasamu. Lakini macho yake yalikuwa yanapita meza kwa meza. Wanawake wa mtaa wa chini walikuwa wanapiga makofi. Wale wazee waliowahi kufanya kazi migodini walikuwa wanapiga makofi. Wa karibu na kanisa walikuwa bado wanakula. Hao atawarudia.

Oratile alikuwa anautaka udiwani.

Hakumwambia mtu. Wazo lilimwingia mwaka uliopita, kwenye msiba mmoja, Kedibonye aliposhikwa na uchungu katikati ya mazishi. Zahanati ilikuwa imefungwa kwa kuwa ni mwisho wa wiki, na gari la wagonjwa walilolipigia simu liko mjini, linakuja, linakuja, halikufika. Mtoto alizaliwa nyuma ya hema la Oratile, juu ya vitambaa vyake vya meza, mikononi mwake. Walimwita Tente, yaani Hema, na kijiji kizima kilicheka jina hilo. Oratile hakucheka. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akawaza kwamba mtu anayekalia kile kiti cha halmashauri amekikalia mihula mitatu na bado wanawake wanazalia kwenye vitambaa vya meza.

Taabu ni kwamba aliyekalia kiti hicho alikuwa Rra Moatlhodi, kaka wa mama yake Mothusi. Na kampeni zote za Rra Moatlhodi zilisimama juu ya sauti ya mpwa wake.

Basi Oratile alianza kwa hesabu. Aliyaona macho ya Mothusi yanavyomfuata kati ya masufuria, akaelewa kwamba mtu anayesikilizwa na watu wote, anamsikiliza yeye. Akamwomba amtaje. Kisha amwite afungue kwa sala. Kisha ampe neno la kuwafariji wafiwa. Mothusi alitoa kila alichoombwa na kuona kama yeye ndiye anayepewa. Oratile akamdadisi taratibu, huku akimpakulia nyama, ni koo zipi zimegombana na mjomba wake na kwa sababu gani. Akamwambia, "Unachoka sana wewe. Siyo lazima uende kila mkutano wa Malome, mjomba wako." Mothusi akakosa mikutano miwili, na mikutano hiyo ikawa butu kama kisu cha shule.

Alipomuuliza kama anaweza kuwatuma wanawake wa kwao waje kumposa, Oratile alimshika mkono akamwambia, "Ngoja baridi ipite." Baridi ingepita baada ya kura za maoni za chama.

Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na mahali inapovuja. Oratile alikuwa ameanza kuzingojea Alhamisi, siku ambayo Mothusi hupita kwake kupanga kazi za wikendi. Alijikuta anampikia seswaa, anaiponda nyama mwenyewe mpaka inakuwa nyuzi, siku ambazo hakuwa na kitu cha kumwomba. Siku moja alimkuta ameketi uani anashona hema lililochanika, amevaa miwani ya kusomea ambayo alikuwa anaona haya kuivaa mbele za watu, na alisimama mlangoni akimtazama mpaka chai ikapoa mkononi.

"Nitamwambia," alikuwa anajisemea. "Kesho."

Harusi ilipokwisha, Mothusi alimsaidia kupakia mahema kwenye lori, kisha akasema kwa haraka, kama anayeruka mtaro, "Kesho mama anakuita chakula cha mchana. Ukikataa nitaelewa."

"Ameniita yeye au umeniita wewe?"

"Nimeita mimi. Yeye amekubali kupika."

MmaMothusi, yaani mama yake Mothusi, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mgongo ulionyooka na ulimi ulionyooka zaidi. Alimpokea Oratile uani, palipokuwa na jua la kuota, akampa kiti, akamtazama kuanzia kilemba mpaka viatu.

"Kumbe na wewe hukaa," alisema. "Kila nikikuona uko mbio."

"Kazi, Mma."

"Kazi. Nasikia siku hizi hata sala unafungua wewe. Mchungaji ameugua?"

"Mama," Mothusi alisema.

"Nauliza tu afya ya mchungaji."

Oratile aliinama juu ya sahani yake ya kunde na mahindi, akaficha tabasamu. Alimpenda mama huyu papo hapo, na hilo lilimtisha, maana ni vigumu kumdanganya mtu unayempenda mbele ya sufuria yake. Mothusi alikuwa anamwongezea maziwa ya mgando bila kuulizwa. Magoti yao yaligusana chini ya meza na hakuna aliyelisogeza la kwake.

"Huyu mwanangu," MmaMothusi aliendelea, "tangu utoto hajui kuficha kitu. Akininunulia zawadi, ananiambia kabla hajafika getini. Kwa hiyo najua anachokitaka kwako. Wewe ndiye sikujui. Unakula vizuri, unajibu vizuri, na macho yako hayatulii."

"Yametulia leo, Mma."

"Leo, ndiyo. Leo nayaona yametulia. Na yametulia mahali pabaya, maana kwa kutazamwa hivyo hata mwanangu hali chakula."

Mothusi alishika kijiko chake haraka. Wote watatu walicheka, na kicheko hicho kilikuwa bado uani wakati pikapu nyeupe ilipoingia na Rra Moatlhodi akateremka, mnene, amevaa koti zito na kofia yake ya ukingo mpana.

"Dumelang!" alinguruma. "Dada, nimenusa nyama nikiwa barabarani."

Walimsalimia, wakampa kiti kizuri. Alikula kwanza. Alisifu mchuzi, akamuuliza Mothusi habari za ng'ombe, akasimulia kisa cha punda aliyelala katikati ya barabara kuu mpaka hata Oratile akasahau hofu yake. Kisha akafuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja vizuri, akamgeukia.

"Binti, kuna jambo nataka unisaidie kulielewa."

"Ndiyo, Malome."

"Ah, Malome! Nimeshakuwa mjomba wako?" Alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Basi nikuulize kama mjomba. Unamtaka mpwa wangu, au unakitaka kiti changu?"

Kuku alipita chini ya meza. MmaMothusi aliacha kutafuna.

"Kiti gani?" Mothusi aliuliza.

"Jina lake limefika ofisi ya chama juzi Ijumaa. Tutashindana kwenye kura za maoni, mimi na yeye. Hukujua?" Rra Moatlhodi alimtazama mpwa wake, na kwa mara ya kwanza uso wake mnene ukaonyesha huruma. "Pole, kijana. Nilidhani mmepanga pamoja. Nilikuja nimekukasirikia wewe."

Mothusi alimgeukia Oratile, akamngoja akanushe. Alingoja kwa imani kabisa, na imani hiyo ndiyo iliyomchoma Oratile kuliko kitu chochote alichowahi kuonyeshwa na mtu.

"Vyote viwili, Malome," alisema.

"Nini?"

"Umeniuliza ninamtaka mpwa wako au ninakitaka kiti chako. Ninavitaka vyote viwili."

MmaMothusi alitoa sauti ambayo haikujulikana kama ni kikohozi au kicheko. Rra Moatlhodi aliegemea nyuma mpaka kiti kikalia.

"Basi nitakurahisishia. Ondoa jina lako kesho. Ukiliondoa, mimi mwenyewe nitawaongoza wazee wetu kuja kwenu, na hawa wanawake watakuja na mablanketi yao mabegani, na kijiji kitasimama kuwatazama. Usipoliondoa, unajua mila zetu. Posa ya kijana huyu haiendi bila mjomba wake kukaa mbele. Na mimi sitakaa."

Oratile alitazama mikono yake. Aliona vitambaa vya meza. Aliona pia mkono wa Mothusi karibu na wake, mkono wenye kovu la sindano ya mahema, na akaona kwamba akinyoosha kidole kimoja tu ataugusa.

"Siwezi kuliondoa, Malome," alisema.

Mothusi aliinuka, akaiweka sahani yake juu ya meza polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika, akatoka.

Oratile alimkuta upande wa zizi, ameegemea nguzo, anawatazama mbuzi.

"Mothusi."

"Tangu lini?"

"Tangu Tente azaliwe."

"Hicho ni kiti. Mimi nauliza tai. Ulianza lini kuniwekea tai sawa?"

Upepo wa baridi ulipita na vumbi. Oratile alivuta skafu yake.

"Siku hizohizo."

"Kwa hiyo lipi lilitangulia?"

Alikuwa na uongo mtamu tele. Angeweza kusema hakumbuki, angeweza kulia kidogo, angeweza kumshika mkono tu na kunyamaza, na Mothusi angemaliza mwenyewe kazi ya kumsamehe. Alimjua hivyo.

"Kiti," alisema.

Mothusi alitikisa kichwa mara kadhaa.

"Na uliponiambia nimechoka nisiende mikutano ya Malome. Nilikuwa nimechoka kweli?"

"Ulikuwa umechoka kidogo."

Kona ya mdomo wake ilitetemeka, ikataka kucheka, akaikataza. "Usinichekeshe, Oratile. Nina haki ya kukasirika angalau mpaka jioni."

"Kasirika. Lakini niulize na swali la pili."

"Lipi?"

"Niulize leo ni lipi linalonikosesha usingizi."

"Sikuulizi. Nikikuuliza utajibu vizuri, na mimi nitakuamini. Nakujua wewe na najijua mimi." Sauti yake, ile iliyokuwa ikituliza umati, ilikuwa nyembamba. "Nilisimama mbele ya maiti na maharusi nikiita jina lako kama mpumbavu. Nilikuwa nadhani nalisema kwa sababu nalipenda."

"Ulikuwa unalisema kwa sababu unalipenda."

"Na wewe ulikuwa unawatazama watu wanaopiga makofi."

Oratile alikubali kwa kichwa, kwa kuwa ni kweli.

"Pale mezani," Mothusi akaendelea, "hata hukufikiri."

"Nilifikiri. Hukuwa unanitazama usoni. Ningeliondoa jina, ungemwoa nani? Ungemwoa mwanamke anayekupakulia chakula huku akikumbuka alichokiacha. Nisingekuwa mzuri wa kukaa naye, Mothusi. Ningekulipiza kwenye chumvi."

Mothusi alimtazama. Halafu akavua koti lake, akamtupia mabegani, maana Oratile alikuwa anatetemeka kwa baridi, na Mothusi hakuweza kumwona mtu anatetemeka akamwacha, hata aliyemwonea.

"Sitakutangaza wewe, na sitamtangaza Malome. Siku ya kura nitakuwa na ng'ombe. Koti utampa mama."

Siku ya kura za maoni, watu walijaa uwanja wa shule. Kwa kuwa Mothusi hakuwepo, mwenyekiti wa tawi ndiye aliyeshika kipaza sauti. Kilipiga miluzi, akakipuliza, akakipiga kwa kiganja, kisha akamtaja Oratile kama "huyu dada wa mahema," akakosea hata jina la ukoo wake.

Oratile alipanda jukwaani. Alikuwa amezoea kusimama baada ya Mothusi kuwalainisha watu. Leo walikuwa wagumu, wameota jua, wanaongea. Akakiweka kipaza sauti chini.

"Wanaosikia wawaambie wasiosikia," alisema. "Nyote mnamjua Tente. Mnalicheka jina lake, na mimi nalipenda. Lakini sitaki mtoto mwingine Mosetlheng aitwe jina la kitu changu. Nataka watoto waitwe majina ya bibi zao, wazaliwe kitandani, zahanati ikiwa wazi. Nimewapikia misiba yenu nikaona nani alikufa kwa uzee na nani alikufa kwa kungoja gari. Ni hayo tu."

Mwanamke mmoja upande wa kanisa, wa wale waliokuwa wakila siku ya harusi, akapiga kigelegele, na wengine wakamfuata.

Hakushinda. Alishindwa kwa kura chache, watu ambao wangeenea kwenye hema lake dogo kabisa. Rra Moatlhodi alicheza, akainuliwa juu, akateremshwa haraka kwa uzito wake. Oratile alikwenda kumpa mkono mbele ya wote, akiwa amekaza meno ili uso usimsaliti.

Mzee aliushika mkono huo, hakuuachia.

"Umenitoa jasho, binti. Katika baridi hii." Akainamisha kofia karibu na sikio lake. "Gari la wagonjwa litakuja. Siyo kwa sababu nakupenda. Kwa sababu nimekuogopa."

"Hata kwa kuniogopa, Malome, nashukuru."

"Malome tena!" Safari hii macho yake nayo yalicheka. "Na ile posa, nimeshinda, kwa hiyo sina cha kukasirikia. Ila kijana mwenyewe ndiye mgumu. Huyo siwezi kumpigia kura."

Asubuhi iliyofuata Oratile aliendesha lori lake mpaka kwa MmaMothusi, kurudisha koti na kuuliza njia ya kwenda kwenye zizi lao la porini. Mama alikuwa anafagia uwanja. Alilipokea koti, akalinusa kola, akalirudisha kupitia dirisha la lori.

"Mpelekee mwenyewe. Kule kuna baridi." Akaingia ndani, akatoka na bakuli la nyama lililofungwa kwa kitambaa, akaliweka juu ya kiti. "Na hili. Halafu nikwambie, kura yangu ulipata wewe."

"Mma?"

"Kaka yangu amekaa vya kutosha, kiti kimeshachukua umbo lake. Lakini usinitazame hivyo. Nimekupa kura. Mwana sijakupa bado. Nenda."

Njia ilikuwa ya mchanga na miiba, na lori lilizama mahali pamoja, likajinasua. Mothusi alikuwa kwenye tangi la maji, amekunja mikono ya shati. Baridi ilikuwa imepasua bomba la kwenda horini, na ng'ombe wamesimama wanamtazama kwa lawama huku akiwachotea kwa ndoo. Alimwona Oratile akiteremka, akaendelea kuchota.

"Umeshindwa," alisema.

"Nani amekwambia?"

"Ungeshinda, leo ungekuwa unawashukuru watu."

"Ningeshinda ningekuja hivihivi. Ila ningekuwa nimevaa viatu vizuri zaidi."

Alimwaga ndoo horini. "Kwa kura ngapi?"

"Usiulize."

"Moja?"

"Siyo moja. Hata ungekuja, tungeshindwa."

"Ungeshindwa. Sijasema ningekupigia wewe."

"Mama yako amenipigia."

Ndoo ilisimama hewani. "Mama yangu?"

"Na amekuletea nyama. Na koti lako hili hapa." Oratile alilishika kifuani, hakulitoa. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa hakuyaona hata moja. Akajikuta anapapasa hewani kama alivyokuwa akipapasa Mothusi. "Mothusi, nilikutumia. Siwezi kulipamba. Nilikuona unanipenda, nikalipandia hilo kama ngazi. Kilichoniponza ni kwamba huku juu nimefika nikageuka kutafuta mtu wa kumwambia, na kila ninayemtafuta ni wewe. Jana waliposoma matokeo sikulilia kiti. Nilitaka tu unione nilivyosema bila kipaza sauti."

"Ulisema bila kipaza sauti?"

"Walinisikia mpaka kwenye vyoo vya shule."

Mothusi aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na Oratile hakujua kama ni kicheko mpaka alipoinua uso na kuona ni kicheko na kitu kingine pamoja.

"Bado kuna jambo," Oratile alisema haraka, kabla ujasiri haujamkimbia. "Uchaguzi ujao wa udiwani nitasimama tena. Awe mjomba wako, awe mwingine. Nakwambia leo, kwa mdomo wangu, usije ukaletewa na mtu mezani. Kama hilo hulitaki, niambie, nitakuachia nyama niondoke."

"Na kama sitaki kukutangaza?"

"Nitajitangaza."

"Na kama nitamtangaza Malome?"

"Utamtangaza mchana, jioni utarudi kwangu kula. Nitakupakulia kidogo."

Mothusi alimkaribia. Alikuwa na maji mpaka kwenye mapaja na tope kwenye shavu, na hakuwa na tai ya kuwekwa sawa, kwa hiyo Oratile alikosa pa kuweka mikono. Mothusi aliichukua yeye, yote miwili, akaipuliza kuipasha joto.

"Sikuamini bado," alisema. "Nakupenda, lakini kukuamini kutachelewa kidogo. Utangoja?"

"Nitangoja."

"Sasa, lile swali la pili uliloniambia siku ile nikuulize."

"Uliza."

"Lipi linakukosesha usingizi?"

Oratile alifungua mdomo, na jibu zuri lilikuwa pale, limejipanga. Akaliacha. Aliegemeza paji la uso kwenye shati lake lililolowa na kunyamaza, na Mothusi akamwacha anyamaze.

Ng'ombe mmoja alilia kwa hasira. Mothusi alimwachia, akaokota ndoo ya pili iliyokuwa imelala kando ya tangi, akamkabidhi.

"Chota," alisema. "Na hawa hawapigi kura."

Oratile alivua viatu, akakunja gauni mpaka magotini, akachota. Maji yalikuwa ya barafu. Alichota na kumwaga, akachota na kumwaga, mpaka ng'ombe wa mwisho alipoinua kichwa ameshiba, na kule porini hakukuwa na mtu mwingine wa kumwona isipokuwa Mothusi.